Mwiba wa Mndimu

Bwana shamba alikuja kutoka Wete na daftari,
akaketi juu ya mbuzi ya kukunia nazi, hatukuwa na kiti,
akamuuliza mama siri ya vanila zake.
"Subira," wakadakia majirani kabla hajajibu,
Bi Raya mbele yao, yule yule
aliyesema Mize kapandwa na shetani wa majani.

Mama akacheka mpaka akashika mbavu.
"Subira? Mie?
Mie chai nainywa inatokota, ulimi ushakufa ganzi.
Muhogo wa futari nauepua ungali mgumu,
muulizeni baba yake Salha.
Mie subira sina. Mie nna ashiki."

Bwana shamba hakuliandika neno hilo.
Nililiandika mimi.

Maana mimi ndiye niliyemshikia taa.
Mwaka wa kwanza, vipando arobaini,
kila kimoja kimeegemezwa mbono wake
kama mwari na kungwi.
Mwaka wa pili masika yakaozesha thelathini na kimoja.
Nilivihesabu mimi. Mama hakutaka kuhesabu,
alikuwa kapiga magoti kwa wale tisa
anawafunika makumbi miguuni,
anawasemesha.

Mwaka wa tatu, majani matupu.

Mwaka wa nne, ua moja.

Ua la vanila hufunguka alfajiri moja tu,
jua likifika utosini limeshajifunga, wala halirudi.
Hapa Mtambwe hakuna mdudu anayeujua mlango wake.
Lazima mtu abishe hodi kwa mwiba,
ainue kigozi chembamba kuliko ukope wa kichanga,
akandamize chavua kwa kidole gumba,
basi. Ndiyo ndoa yote hiyo.

Na siku yenyewe ikawa ya Idi.
Wenzake wanapita njiani, mabuibui yananukia udi,
jikoni pilau inashika ukoko,
na mama yumo shambani, kanga mpya imelowa umande,
mwiba wa mndimu mkononi,
mkono unatetemeka kama wa mwizi.

Akalikata.
Ua zima likamdondokea kiganjani.

Nilidhani atalia. Nilitaka alie, yaishe, tukale.
Akalinusa. Akalipasua kwa ukucha,
akachungulia ndani mpaka jua likatuchoma visogo.
"Njoo uone, Salha! Kumbe mlango unafungukia huku!"
Uso aliokuwa nao, wallahi,
nimeuona mara moja nyingine tu:
siku aliyowekewa mdogo wangu kifuani.

Mwaka wa tano maua yakaja kwa mafungu.
Alfajiri kwa alfajiri, wiki sita,
na kila kesho yake anapita kukagua:
lililodondoka, hapana,
lililong'ang'ania, ndiyo.
Wiki ya kwanza ndiyo zilikuwa kumi na nne.
Baadaye nikaacha kuhesabu na mimi.

Husemwa kipendacho roho hula nyama mbichi.
Nyama ilikuwa wapi kwetu?
Mama alikula mbu, na umande, na maneno ya Bi Raya,
akashiba.

Mimi niko Unguja sasa, nimepanga chumba Magomeni.
Mtihani wa uhasibu umeniangusha mara mbili.
Nilipompigia nilitaraji wasia,
vumilia mwanangu, Mungu yu pamoja nawe, yale ya siku zote.
Akauliza tu,
"Hebu nambie, unazipenda hizo hesabu?"

Nikanyamaza mpaka salio likakatika.

Juzi mtu kashuka melini na bahasha yangu.
Ndani, ganda moja jeusi, limekunjamana,
linang'aa mafuta kama nywele za bibi harusi.
Hakuna barua.
Nimelilaza katikati ya daftari la mizania,
na kila nikifungua, kabla ya tarakimu inatangulia harufu,
na kabla sijashika kalamu
kuna kitu kinabisha hodi,
taratibu,
kwa ncha.